Ukurasa wa Baba wa Saba

Kyzyl-Bel, 3 Machi 2009

Kwa kaka yangu Turdakun, uliye Moscow,

Pokea salamu zangu, nakuandikia nikiwa nimevua kofia. Natumaini mgongo wako umetulia, ule uliokuanza tangu mlipopandisha saruji ghorofa ya kumi na moja, na kwamba shemeji Anara bado anapata siku moja ya kupumzika kwa juma. Huku nyumbani sote tu wazima. Salkyn mke wangu anakusalimu, ingawa na mimi haongei sana. Farasi wawili wanakula vizuri. Ng'ombe mwekundu ana mimba. Theluji mwaka huu imefika mpaka kwenye madirisha. Hapana. Imefika magotini.

Umeona? Ndiyo sababu umepata barua wala si simu. Mimi Jekshen, niliyeacha shule darasa la saba, ambaye tangu hapo sijaandika kitu kirefu kuliko jina langu kwenye vyeti vya chanjo ya kondoo, nimekaa mezani tangu asubuhi na daftari la binti yako Meerim. Nikishika simu, kaka, mdomo wangu hutoka mbio kama farasi aliyekata lijamu, nami nabaki nyuma nikipiga mluzi. Kalamu ni nzito. Kila neno naliona likitoka. Basi ukikuta mistari iliyokatwa usidhani ni ujinga wa kuandika. Hapo ndipo nilipoanza kupamba, nikajishika.

Barua nitampa binti wa jirani yetu Ormon, anayepanda basi la Moscow Jumatano. Nimemwambia akupe mkononi. Alinitazama kwa shaka, akauliza kama ndani mna ramani ya hazina.

Niliyo nayo ni ya aibu. Nianze na albamu, maana yote yametoka humo.

Unakumbuka miaka mitatu iliyopita, Meerim alipokuwa mwaka wa kwanza chuo cha ualimu pale Naryn, alikuambia kwamba wanafundishwa kutengeneza albamu za kubandika? Si zile za kuchomeka picha na kufunika. Ni kitabu kikubwa cha kurasa nene nyeusi, unabandika picha, kipande cha nguo, ua kavu, tiketi, barua, na pembeni unaandika kwa kalamu nyeupe. Alikuja likizo nacho kwapani, na gundi, na mkasi wa kukata mawimbi, akaniomba lile sanduku la viatu lenye picha zetu. Unajua picha zilivyolala mle bila adabu. Harusi yako imelalia mazishi ya baba, na mimi nikiwa jeshini nimebanwa chini ya mbuzi wa watu.

Akauliza, "Baba mdogo, tunazipanga vipi?" Kwanza tulijaribu kwa miaka. Salkyn akacheka mpaka akaweka birika chini. Alisema katika nyumba hii hakuna ajuaye mwaka wa kitu chochote, isipokuwa ule ambao ng'ombe alizaa pacha. Tukajaribu kwa majira: picha za theluji huku, za malisho ya juu kule, za kukata majani zake, za kuchinja zake. Ilipendeza kwa rangi, kitabu kinaanza cheupe kinaishia kahawia. Lakini marehemu baba akawa amegawanywa vipande vinne, na Meerim hakupenda, akasema babu anaonekana kama mtu aliyehama nyumba kila baada ya miezi mitatu. Tukajaribu kwa watu, kila mtu na kurasa zake. Hapo tukagombana, maana mimi nilikuwa na picha kumi na tisa na Salkyn tatu, zote amekata kichwa mpiga picha.

Ndipo mimi nikasimama katikati ya chumba, kaka, nikasema tuipange kwa mababa saba. Kila baba ukurasa wake, kuanzia wewe uliyemzaa mpaka yule wa saba. Mwenye picha atawekwa picha. Asiye na picha atawekewa kitu cha kushika, mtu akifungua amguse kwa vidole. Meerim alipiga makofi. Na kweli, hili si la kujisifu, mwalimu wake aliichukua albamu ile akaizungusha darasa zima.

Ukurasa wa baba yetu Osmonkul tulibandika picha yake ya medali ya mchungaji bora, na pembeni kipande cha ngozi ya mwanakondoo kutoka kofia yake. Babu Bayaly tulimwekea uzi wa singa za mkia wa farasi, umesukwa. Ukurasa wa Kudaiyar Salkyn aliushona mzima kwa sufu nzito ya hema, na mapambo ya pembe za kondoo, mekundu na meusi. Jolboldu ana mfuko wa karatasi wenye udongo wa malisho aliyozikwa. Berdike ana kipande cha mkanda wa tandiko, ukikinusa bado kina jasho la farasi. Mafuta ya kupaka tandiko. Nilikipaka wiki ile.

Ukurasa wako ndio uliompa shida. Alibandika picha moja tu, ile uliyopanda lori siku ya kwenda Urusi. Kisha akagundisha kona nne za karatasi, zile za kushikilia picha, kwa kila mwaka ambao hujarudi. Ndani ya kona hakuna picha. Ameandika tu tarehe uliyopiga simu siku yake ya kuzaliwa. Kona nne, tarehe. Kona nne, tarehe. Ziko tisa. Nilimwambia ajaze maua akasema hapana, hiyo ni nafasi ya mtu.

Sasa ukurasa wa saba.

Alipofika hapo akashika kalamu nyeupe akaniuliza jina. Ulipoondoka alikuwa na miaka tisa, na ulimwambia mbele yangu kwamba mababa saba atafundishwa na baba yake mdogo. Basi nilikuwa nimemfundisha, kaka. Lakini wa saba nilimfundisha Otorbay. Otorbay shujaa, wa bonde la Talas, aliyemuua mbwa mwitu kwa kikuku cha tandiko. Habari zake nilizisikia kwa mvulana wa Talas tuliyelala naye kitanda kwa kitanda bwenini. Nilichagua wa mbali, ng'ambo ya milima, nikajua hakuna wa kuja kuhakikisha. Watu wa hapa wangeuliza vipi shujaa wa Talas awe baba yetu, hivyo nikatunga: alijeruhiwa, akaja kuuguzwa huku kwetu majira ya baridi, akaoa mjane, akarudi kwao vitani bila kujua mkewe ana mimba ya Berdike. Nimeisimulia hiyo kwenye karamu miaka ishirini na zaidi. Wewe ukiwepo sikuisimulia. Hilo nadhani umelielewa.

Ukurasa ule ukawa mzuri kuliko yote. Unakunjuliwa mara mbili. Tulikusanya karatasi za dhahabu za peremende kijiji kizima tukazibandika kama jua, Meerim akamchora shujaa juu ya farasi, na mimi nilimsomea maneno akayaandika kuzunguka. Niliona fahari, kaka. Niliangalia nikaanza kuamini.

Haya, nije kwa yule kijana uliyeambiwa habari zake, Erkin, ambaye Meerim amekutana naye chuoni na wewe ukasema kwenye simu kwamba sauti yake ina heshima. Unajua kwamba ni wa Talas. Nilipoambiwa, nilimkumbuka Otorbay, nikajituliza kwamba Talas ni kubwa. Mwanzoni mwa Februari walikuja kama tulivyopanga: babu yake Mzee Dooronbek, mama yake, na dereva wao. Mama alikuwa na hereni za posa kwenye kitambaa chekundu, amekishika mapajani tangu alipokaa. Nilichinja kondoo, kichwa akapewa mzee, akakata sikio akampa Meerim kwa utani kwamba bibi harusi wa kwao lazima awe anasikia. Kila mtu akacheka. Meerim aliona haya mpaka shingoni. Sijawahi kumwona binti yako mzuri vile.

Na mimi nikashindwa kukaa tu. Nikasema wageni wetu wasiondoke bila kuona kazi ya mikono ya binti. Nikaileta albamu.

Mzee alivaa miwani, akaifungua taratibu kama mtu anayefungua mlango wa wagonjwa. Alisifu. Aligusa sufu, akanusa ule mkanda. Kwenye zile kona zako tupu akaweka kidole, akamwambia Meerim, "Huyu baba atarudi, mwanangu, umemtandikia vizuri." Kisha akakunjua ukurasa wa saba. Akasoma. Akarudia kusoma. Akaniuliza huyu Otorbay ni yupi.

Mtu mwenye akili angekohoa, angemwaga chai. Mimi nilikaa sawa nikasimulia yote, na kikuku, na mbwa mwitu, ambaye siku hiyo nilimfanya wawili, na mjane, na mtoto. Nilipoinua macho, Mzee Dooronbek alikuwa amevua kofia na machozi yanashuka kwenye ndevu.

Aliniambia kwamba kwao wazee husema Otorbay alipotea majira moja ya baridi ng'ambo ya milima, na alipokuwa anakufa alisema ana nyumba huko aliyoiacha. Tangu hapo, katika karamu za ukoo wao, bakuli moja hufunikwa mezani, halinyweki, kwa ajili ya nyumba ile iliyopotea. Alisema, "Bakuli hilo nimelifunika kwa mikono yangu miaka hamsini, mdogo wangu. Kumbe wewe ndiye bakuli." Akanikumbatia. Kaka, mzee wa miaka themanini na moja alinilia begani, nami nikampapasa mgongo na kusema ndiyo, ndiyo, ndugu yangu, tumeonana.

Aliyegundua kwanza ni mama yake Erkin. Nilimwona anahesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine, midomo inacheza. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba. Kwetu ni wa sita. Kwao ni wa saba. Wenye baba mmoja ndani ya saba hawaoani."

Meerim alikuwa amesimama na birika. Alielewa kabla ya mimi. Hakulitua, alibaki amelishika, na mvuke unampanda usoni.

Mzee aliketi. Baadaye akasema, kwa upole mwingi, kwamba alikuja kutafuta bibi harusi, Mungu amempa mjukuu, na asiyeshukuru ni mjinga. Akamwita Meerim, akambusu paji la uso. Mama akafunga hereni kwenye kitambaa chekundu akazitia mfukoni. Waliondoka kabla ya tambi kuiva. Mlangoni mzee alinishika mikono yote miwili, akasema siku ya Nooruz, mwaka mpya unapoingia, ataita ukoo wote wa Talas na kulifunua lile bakuli mbele yao, na kwamba mimi nitakaa mkono wake wa kulia.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kukosa neno hata kwa mkuu wa wilaya, ulikaa kama umeshonwa.

Jioni ile ulipopiga nikakuambia wageni hawakufika, theluji imeporomoka njiani imefunga barabara. Barabara ilikuwa wazi, kaka. Ilikuwa wazi kama kiganja.

Sasa juu ya Meerim. Hajanilaumu hata neno, na hilo ndilo linalonila. Siku ya pili alinijia na chai akasema, "Baba mdogo, unisamehe nimelia mbele ya wageni. Ni heshima kubwa kuwa wa ukoo ule, nitazoea." Alimrudishia Erkin kitabu chake cha hesabu kwa posta. Hajarudi chuoni, anasema ana mafua. Amefua mapazia yote ya nyumba hii katikati ya baridi, yakaganda kwenye kamba kama mbao. Albamu ameirudisha juu ya kabati. Wakati wa kula ananipa mimi nyama nzuri, mimi mjukuu wa shujaa.

Salkyn alivumilia siku nne. Siku ya tano alinifuata bandani, akasimama mlangoni na ndoo, akasema, "Hebu niambie, wewe Jekshen. Nimeolewa humu miaka ishirini na sita. Mimi nilipoingia huyo Otorbay hakuwepo. Alihamia lini?" Nikasema, mke wangu, mambo ya ukoo ni mazito. Akasema mazito ni mapazia ya mtoto wa watu. Akasema nisirudi ndani mpaka nijue nakwenda wapi.

Nikaenda Talas. Siku mbili, kwenye lori la magunia, tukikwama kila mlima. Mara mbili. Tulikwama mara mbili. Nilimkuta Mzee Dooronbek uani anawaonyesha wanawe farasi jike wa kuchinja siku ya Nooruz, mnene, mweupe mguu mmoja. Aliponiona akaita nyumba nzima, "Njooni mwone, bakuli limekuja kwa miguu!" Watoto walinivua viatu. Walinipa mahali pa heshima. Nikala, kaka. Nilikula kwanza, kisha nikasema.

Nilimwambia kwamba jina la kweli nilikuwa nimelisahau, nikaziba pengo na Otorbay. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatabasamu, akanipigapiga goti. Alisema anajua nampenda binti wa kaka yangu, na yeye mwenyewe kwa ajili ya Erkin angedanganya pia, lakini mtu hamkani shujaa ili apate harusi. Nikaapa kwa mkate, nikauweka juu ya kichwa. Akaacha kutabasamu. Akasema njiani wakati wa kurudi kutoka kwetu walisimama kunywa chai Kochkor, wakataja jina langu, na mwenye mgahawa akauliza, "Jekshen yupi? Yule aliyeua mbwa mwitu kwa kofia?" Wakacheka wote mgahawani, yeye akanitetea. "Sasa wewe niambie, mdogo wangu," akasema. "Kuna Jekshen wa siku ile na kuna Jekshen wa leo. Anayedanganya ni yupi?"

Fikiria, kaka. Mara ya kwanza katika maisha yangu naleta ukweli kwa miguu yangu mwenyewe, na mtu anaugeuza huku na huku kama sarafu ya bandia.

Akasugua magoti. Akauliza kama nyumbani kwetu yupo mtu asiyesimulia hadithi. Nikasema yupo. Nikakutaja wewe. Akasema, basi baba wa binti mwenyewe amwambie kwa kinywa chake, amhesabie saba, naye ataamini, hata kama itamuuma. Ila kabla ya Nooruz. Siku ile bakuli likishafunuliwa mbele ya ukoo wote halifunikwi tena, na Meerim atakuwa binti yao, na Erkin kaka yake, mpaka kiyama.

Leo ni tarehe tatu. Nooruz ni tarehe ishirini na moja. Basi linachukua siku nne au tano.

Utauliza kwa nini sikukupigia tu nikakuambia, Turdakun, mpigie mzee mhesabie. Nilishika simu mara tatu. Mara ya kwanza nilikuuliza hali ya hewa ya Moscow. Mara ya pili nikakusimulia habari za ng'ombe. Mara ya tatu shemeji Anara ndiye aliyepokea nikasema nimekosea namba. Kwa sababu nikikuomba umhesabie mzee, utauliza Meerim alihesabiwaje, na kuna jambo moja ambalo sijamwambia mzee, wala Salkyn, wala Meerim. Mzee na Salkyn nimewaambia kwamba nilisahau.

Sikusahau, kaka.

Baba wa saba wa Meerim anaitwa Tezek. Nimeliandika, nimeinua kalamu, nimelitazama, sijalikata.

Unakumbuka malisho ya juu, baba alivyotukalisha mbele ya hema asubuhi, maziwa hayanyweki mpaka tumewataja wote. Wewe ulisema haraka na wazi, Tezek, kama unavyosema Jumatatu. Mimi nilikuwa nauliza kwa nini mtu aitwe samadi, samadi kavu ile ile mama anayochochea jikoni. Na baba alituambia, si mara moja. Kwamba mama yake alizika watoto watano. Wa sita alipozaliwa akamwita jina hilo ili kifo kikipita mlangoni na kuuliza ndani kuna nani, kijibiwe hakuna mtu, kuna samadi tu, kiende zake. Naye akaishi. Alichunga kondoo wa watu maisha yake yote, hakuua mbwa mwitu hata mmoja, akamzaa Berdike. Baba alikuwa anasema, sisi wote tumetoka kwa yule aliyebaki.

Kisha bweni la shule. Ile jioni wavulana walipokuwa wanatajiana mababa, kila mmoja na shujaa wake, na mimi nikafika wa mwisho nikamtaja. Unakumbuka kicheko. "Mjukuu wa Mavi! Msimsogelee, ananuka!" Walinifuata mpaka kwenye foleni ya supu na kuziba pua. Siku ya tatu uliingia wewe kutoka bweni la wakubwa, mmoja dhidi ya wanne, ukawaambia walitaje jina hilo kwa adabu. Walikuvunja jino la mbele. Ukalitema mkononi, ukasema tena, mlitaje kwa adabu. Wakalitaja.

Watu wanakuuliza mpaka leo jino hilo la chuma ulilipata wapi. Najua unasema ulianguka. Hukunitaja hata kwa baba. Na mimi ambaye uling'olewa jino kwa ajili yangu, mwaka uliofuata nilipohamishiwa shule nyingine, waliponiuliza, nilisema Otorbay. Ilikuwa rahisi kama kupiga chafya. Hakuna aliyecheka. Wakanisogezea nafasi karibu na jiko la moto. Tangu hapo sijarudi nyuma. Nilimfuta yule aliyebaki, kaka, nikamfunika kwa karatasi za peremende, na nikamshikisha mtoto wako kalamu amfute kwa mwandiko mzuri.

Hiyo ndiyo habari. Nimejaribu kuiandika fupi.

Jana nilimwambia Meerim kwamba Otorbay si wetu. Alikuwa anapiga pasi. Akauliza, "Basi ni nani?" Nikafungua mdomo kumtajia, na nikaona uso wake, jinsi alivyojiandaa kusikiliza kwa heshima huku haamini. Akasema taratibu, bila hasira, "Usiniambie wewe, baba mdogo. Nitasubiri baba aseme." Akaiteremsha albamu. Alibandua karatasi za dhahabu moja moja kwa ncha ya mkasi, akazipanga juu ya meza, maana yeye hatupi kitu. Shujaa akamtoa pamoja na farasi wake. Ukurasa umebaki mweusi una alama za gundi. Akagundisha kona nne za karatasi, kama zile zako, akafunga kitabu.

Nakuomba, umpigie Mzee Dooronbek, namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mhesabie polepole, masikio yake ni mazito. Ukifika wa saba usimweleze lolote, ataelewa mwenyewe. Mwambie pia kwamba namwomba radhi kwa ajili ya bakuli lake. Mimi kulifunika tena siwezi, na bega langu bado lina uzito wa kichwa chake. Kisha mpigie Meerim. Yeye ndiye umweleze, habari za wale watano na habari za kifo mlangoni, kama baba alivyotuambia. Mimi nitakuwa bandani, sitasikiliza. Akiuliza cha kubandika kwenye ukurasa ule, mwambie ukutani upande wa kusini Salkyn ameanika samadi ya vuli, imekauka vizuri haina harufu.

Ukirudi, ukitaka kunipiga nitasimama. Ukitaka kutonisemesha pia nitasimama.

Shemeji Anara nimemsalimu, aniwie radhi kwa simu ile. Jikinge na baridi ya huko, ufunge mgongo kitambaa cha sufu ukiwa juu. Nakutumia kwa mkono wa binti wa Ormon jibini kavu mfuko mmoja na nyama ya farasi kidogo. Nilitaka kuandika nyingi.

Ni mimi mdogo wako aliyekukosea,

Jekshen wa Osmonkul, wa Bayaly, wa Kudaiyar, wa Jolboldu, wa Berdike, wa Tezek.